Kabla hujaniambia nimchue mtoto

Wazazi wengi wakiingia chumba cha mazoezi neno la kwanza ni "dokta tumekuja umchue mtoto". Mi sio dokta, ni mfiziotherapia, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ila huku kwetu mkoa wa Tanga ukishavaa koti jeupe we ni dokta tu, hilo nimeshaacha kubishana. La kuchua ndo naendelea kubishana nalo mpaka leo. Kuna bibi mmoja aliniletea na mafuta yake ya nazi kabisa, kayachuja vizuri yananukia, akanikabidhi chupa akakaa pembeni kusubiri nianze kazi, nami nikakaa chini kwenye mkeka namwangalia mjukuu wake bila kumgusa. Akavumilia wee, mwisho akaniuliza, "Sasa mwanangu, utaanza saa ngapi?"

Nikamwambia bibi, nishaanza zamani.

Maana kazi kubwa ya kumpima mtoto mdogo inafanyika kabla hujamtia mkono. Mtoto akishikwa na mtu asiyemjua analia, akilia mwili mzima unakaza, na hapo huwezi tena kujua kakaza kwa sababu ya ubongo au kakaza kwa sababu yako wewe na koti lako (langu huwa nalivua nalitundika mlangoni). Kwa hiyo namwacha palepale mapajani kwa mama yake tunapiga stori. Huku tunaongea naangalia, mama anamshika kichwa au kichwa kinajibeba chenyewe? Akitolewa kwenye mbeleko miguu inabaki imekunjika vizuri au inanyooka na kukatana kama mkasi? Viganja vimefunguka au ni ngumi, na dole gumba liko wapi? Kichanga wa wiki kadhaa kukunja ngumi ni kawaida yake, ila mtoto wa miezi mitano muda wote gumba limefichwa ndani ya ngumi, hilo naliandika. Mlango ukigongwa anageuka? Mama akisogea anamfuata kwa macho? Upande mmoja wa mwili unacheza kuliko mwingine? Yote hayo unayapata bure, mtoto hajalia hata mara moja.

Halafu maswali. Alilia palepale alipozaliwa au walimhangaikia kwanza? Uchungu ulichukua muda gani? Aliwekewa oksijeni? Alinyonya mwenyewe siku zile za mwanzo? Alikuwa wa njano mpaka machoni? Amewahi degedege, amewahi kulazwa kwa malaria kali au homa ya uti wa mgongo? Hapa kuna kitu chuoni hawafundishi, kwamba mama akiulizwa haya mbele ya mama mkwe anajibu nusu. Anaangalia chini, anasema "ilikuwa kawaida tu". Basi huwa namtafutia mama mkwe kakazi kadogo, naomba akatusaidie kuandikisha jina dirishani, na akitoka tu stori inabadilika, kumbe uchungu ulianzia nyumbani usiku wa juzi yake wakaambiwa wasubiri kwanza kuna dawa ya kienyeji anywe. Sio kwamba namtafuta mchawi, jambo limeshatokea. Ila mtoto aliyechoka kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa na mtoto aliyeharibiwa na manjano sio mtoto mmoja kwenye mazoezi. Huyu wa manjano mara nyingi mwili wake unajisokota wenyewe bila mpango, akitaka kushika kitu mkono unakwenda kwingine, na masikio yake lazima yapimwe maana manjano yakipanda sana yanakwenda na usikivu. Watu wanamwona anajinyonganyonga wanadhani hana akili, kumbe akili imo, anaelewa kila mnachomsema hapo mbele yake, na wengine wana utani kweli kweli. Na kumuanika kichanga juani asubuhi peke yake sio tiba ya manjano makali jamani, akiwa wa njano kwenye macho au mpaka kwenye nyayo na anasinzia hanyonyi vizuri, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo.

Njiti nao wana hesabu yao. Kama katoka mapema miezi miwili, leo ana miezi minane, mi namhesabia sita. Kuna mama alikuja kakonda kwa mawazo kwa sababu binamu wa mtoto wamezaliwa wiki moja na mwenzie kashakaa na yeye bado, nikamtolea ile miezi aliyowahi kutoka, kumbe mtoto yuko sawa kabisa. Hakuhitaji zoezi lolote zaidi ya kuwekwa chini acheze.

Hapo nimegusa ugomvi wangu mwingine, ule msemo wa kila mtoto na wakati wake. Ni kweli, ila una mwisho. Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo vyao mwaka 2006, walifuatilia watoto wenye afya wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, wakaona kukaa bila kushikwa kunakuja kati ya kama miezi minne na miezi tisa, na kutembea mwenyewe kati ya miezi minane na miezi kumi na saba na kitu. Unaona upana wake? Kwa hiyo wa jirani kutembea na miezi tisa na wako na miezi kumi na tano haina maana yoyote. Na wapo, kama wanne katika kila mia, ambao hawakutambaa kwa mikono na magoti kabisa, walikaa wakasimama wakaondoka zao, wako sawa. Lakini miezi tisa imepita hakai, mwaka na nusu umepita hata hatua, hapo ile stori ya "hata baba yake alichelewa" iachwe nyumbani mje. Na mtoto aliyekuwa anafanya kitu akaacha, alikuwa anakaa sasa hakai, huyo wala asianzie kwangu, aanzie kwa daktari na aanze leo.

Kuna dalili moja huwa inafurahisha familia na mi ndo inanitia wasiwasi. Wanakuja na mtoto hata mwaka hajafika wanakwambia kwa fahari huyu ni shoto kama babu yake. Mtoto mdogo vile hana shoto wala kulia, anatakiwa atumie mikono yote, akichagua mmoja mapema hivyo swali ni ule mwingine una nini. Namwekea kitu upande ambao hautumii. Anazungusha mwili mzima, anavuka na mkono wake mzuri kukichukua, ule mwingine umekaa tu umekunja ngumi kifuani. Nikimshika kwapani nikamsimamisha mguu wa upande uleule unagusa chini kwa vidole. Huo ni mtindio wa ubongo, yaani ubongo umeumia mapema mtoto akashindwa kuutawala mwili vizuri, na huu ni wa upande mmoja wa mwili, na ukigundulika mapema ndo raha, maana kuna kitu cha kufanya na hakina gharama. Soksi. Unauvalisha soksi ule mkono mzuri kwa muda mfupi wa mchezo kila siku, mtu mzima yupo, anautafuta mwenyewe ule mvivu. Kisha soksi inatolewa mnahamia kwenye vitu visivyokubali mkono mmoja. Akifika umri wa kula mwenyewe mpe ndizi aimenye, mpe chapati aichane, jaribu wewe kuchana chapati kwa mkono mmoja uone. Mama mmoja aliniambia zoezi la mpira mtoto anamtupia mpira usoni, ila zoezi la chapati halijawahi kukataliwa.

Sio kila mguu unaoburuzwa ni ubongo lakini. Tunaletewa watoto waliokuwa wanakimbia vizuri tu, wakachomwa sindano ya tako kwa homa, na kuanzia hapo mguu mmoja umelala, unyayo unapiga chini kama kofi na vidole haviinuki. Hapo mshipa wa fahamu umeguswa na sindano. Dalili zake zinaanza ghafla na mzazi anakumbuka mpaka siku, ndo maana nasema stori ya mzazi ni kipimo. Vivyo hivyo mkono wa kichanga uliolala tangu kuzaliwa baada ya bega kukwama, ule unaning'inia umegeukia ndani. Wengi wanapona ila tunauangalia kwa ukaribu, akifika miezi mitatu kiwiko bado hakijikunji chenyewe tunataka daktari wa upasuaji amuone, hatukai tunangoja. Na matege, ooh matege! Nusu ya wanaoletwa kwa matege wana miguu ya kawaida tu ya umri wao. Mtoto wa mwaka na kitu miguu yake ina upinde, akifika miaka mitatu minne magoti yanageuka kugongana, baadaye yananyooka. Yakiwa yanazidi badala ya kupungua, au ni mguu mmoja tu, au mtoto hakui na viungo vya mikono vimevimba, hapo ni habari nyingine.

Sasa tuje kwenye huduma yenyewe, hapa ndo nilipobadilika zaidi. Mi nimesoma kwenye mfumo wa Bobath, wale Berta na Karel Bobath mume na mke waliokuwa London, mtaalamu unamshika mtoto sehemu fulani unamwongoza mwili utembee inavyotakiwa. Ukikaa nao chumbani unapendeza, mikono yako inafanya maajabu, mama anaangalia anaona huyu dada fundi. Anarudi nyumbani kwa bodaboda na daladala mbili, mtoto anarudi kukaa alivyokuwa anakaa, mnaonana mwezi ujao. Mwaka 2013 Iona Novak wa Australia na wenzie walitoa uchambuzi wa tafiti nyingi kuhusu mtindio wa ubongo wakazipanga tiba kwa rangi za taa za barabarani, kijani endelea, njano angalia, nyekundu acha. Kwenye kijani kulikuwa na mazoezi ya kufanya shughuli yenyewe mtoto anayoitaka, mafunzo ya mkono kama yale ya soksi, programu za nyumbani, na kufuatilia nyonga. Huku kumshika na kumwongoza, yaani kazi yangu niliyojivunia, ikaangukia nyekundu. Watu wa fani walikasirika, mimi nilikaa kimya nikafikiria, maana nilikuwa nimeshaona kwa macho kwamba watoto wanaoendelea sio wa wazazi wanaohudhuria sana, ni wa wazazi waliobadilisha kitu nyumbani.

Nikupe mfano wa mtoto mmoja wa kike, viungo vyote vinne vimekaza, ana miaka miwili kasoro, alikuja amebebwa amenyooka kama ubao. Mama anataka atembee. Niulize mi nataka nini, nataka kuona anakula. Nikamwomba amlishe palepale. Akamlaza chali mapajani, kichwa kimeanguka nyuma, uji mwembamba kwenye kiganja unamiminwa mdomoni, mtoto anakohoa anameza anakohoa, macho yanatoka machozi, na mama mwenyewe jasho. Nikauliza anaumwa kifua mara ngapi, akacheka ile ya uchungu, akasema karibu kila mwezi wako wodini. Sasa huyo ukimletea mazoezi ya miguu utakuwa unafanya nini? Uji unaingia kwenye mapafu.

Tulichofanya siku hiyo ni kubadilisha mkao tu. Akae, nyonga zikunjwe, magoti yakunjwe, mikono ije mbele, kichwa katikati, kidevu kimeinama kidogo. Mtoto aliyekaza kwa kunyooka ukimkunja nyonga vizuri mwili mzima unalegea, ni kama umemfungulia kufuli. Mama akae mbele yake usawa wa macho, sio juu yake. Uji uwe mzito kidogo, kijiko kidogo, ameze kwanza ndo uongeze, na akishiba asilazwe papo hapo. Kiti maalum hakikuwepo. Nikauliza nyumbani mna beseni? Nani hana beseni. Beseni la plastiki, kanga zimekunjwa zinazunguka kiuno na mgongo, linasukumwa kwenye kona ya ukuta lisicheze, mtoto kakaa. Baadaye tukamtengenezea kiti cha makaratasi, yale maboksi magumu unabandika tabaka juu ya tabaka kwa uji wa unga wa ngano mpaka yanakuwa kama mbao, utaalamu huo ulienezwa sana kutokea Zimbabwe na ukikitunza na mvua kinadumu.

Bibi wa yule mtoto ndo alinifungua macho zaidi. Alipoona beseni akasema, "Mbona hivi ndo tulivyokuwa tunawakalisha nyie wote?" Akaanza kuelezea walivyokuwa wanachimba kishimo kidogo kwenye mchanga nje, mtoto anaketishwa mle, watu wanapita wanamsemesha. Na ni kweli, kuna mtafiti anaitwa Charles Super aliwafuatilia Wakipsigis wa Kenya akaandika mwaka 1976, akakuta akina mama wanawafundisha watoto kukaa kwa makusudi kabisa, kwa vishimo na nguo za kuzungushia, na watoto wale walikaa mapema kuliko wa Wazungu kwa kama mwezi mzima. Kutambaa ambako hawakukufundisha hakukuwa na tofauti hiyo. Kwa hiyo nikiongea na mabibi siku hizi naanzia hapo, naanza na walichokuwa wanafanya, wanakuwa wakali kusimamia programu kuliko mimi. Hata mbeleko ni tiba, mtoto anayekatanisha miguu akikaa mgongoni mapaja yameachana na magoti yamekunjika yuko kwenye mkao ninaoutaka, saa nzima bila kulia. Ila ambaye kichwa hakijakaa usimtupe mgongoni, mbebe mbele umtazame.

Ambacho sikubaliani nacho ni lile shimo la kusimama, la kumfukia mtoto mpaka mapajani eti miguu ipate nguvu, na anaachwa hapo analia. Kusimama ni mwili wa juu na nyonga na usawa, mchanga unamshikilia tu, akitoka anaanguka. Na ndugu yake wa kisasa, kile kigari cha kutembelea cha matairi. Mtoto anasukuma kwa vidole, haoni miguu yake, hajifunzi usawa, na anafika kwenye jiko la mkaa au ngazi kabla hujageuka. Kanada walipiga marufuku kuviuza tangu 2004. Huku kwetu vinauzwa barabarani na mtoto mwenye visigino vilivyokaza ndo ananunuliwa wa kwanza, kwa nia njema.

Kuhusu "atatembea lini", siku hizi sikwepi. Kuna madaraja matano yaliyotengenezwa Kanada na Robert Palisano na wenzie mwaka 1997, daraja la kwanza anatembea popote, la tano anahitaji kubebwa na kushikiliwa kichwa. Mtoto akiweza kukaa mwenyewe kabla hajatimiza miaka miwili, matumaini ya kutembea ni makubwa. Akifika miaka minne bado hakai, nasema kwa upole lakini nasema. Wenzangu wengine wanaona nawavunja moyo wazazi. Mi nimeona mama aliyemaliza mtaji wa genge akizunguka kutafuta miguu, kwa mtu wa kuvuta, kwa mtu wa kuombea, kwa mtu wa mafuta, na muda wote huo mtoto hajawahi kukaa mezani na wenzake wala hajajulikana anataka nini akilia. Yule wa beseni hatembei. Anakula, kifua kimetulia, anachagua kanga ya kukalia kwa kuangalia, ana kiti, anapelekwa kwa jirani kutazama katuni.

Na nyonga zake tunazipiga eksirei. Hili naliweka peke yake kwa sababu linasahaulika mno. Watoto wasiotembea, hasa hao wa daraja la tano, nyonga huwa zinatoka taratibu kwenye nafasi yake bila kelele, siku unagundua ni mtoto anapiga mayowe ukimbadilisha nepi na hauwezi kumfungua miguu. Mapaja yanaanza kugoma kufunguka, mguu mmoja unaonekana mfupi, hizo ni dalili zimeshachelewa. Omba eksirei ya nyonga, usingoje uambiwe. Na ukimkuta mtu anamvuta mtoto miguu kwa nguvu analia ati ndo mazoezi, mchukue mtoto wako ondoka, hata kama mvutaji ana koti jeupe.

Mkija basi, kadi ya kliniki, na kama mlilazwa baada ya kujifungua ile karatasi ya ruhusa. Aje yule anayekaa na mtoto mchana, awe dada wa kazi awe babu, mafundisho nikimpa baba aliyeomba ruhusa ya saa mbili kazini yanaishia getini. Na simu. Mtoto hospitalini hafanyi anachofanya nyumbani, kwa hiyo mrekodini. Kwa kichanga wa miezi mitatu mpaka mitano hiyo video ni dhahabu, kuna kipimo kilichoanzishwa na daktari Heinz Prechtl kinachosoma vile vijimiondoko vidogo vya mwili mzima anavyofanya mtoto akiwa macho ametulia, na vikikosekana katika miezi hiyo tunaanza kazi mapema bila kusubiri mwaka. Mlaze chali, nguo nyepesi, mikono na miguu ionekane, usimsemeshe, usimpe mdoli, usimwekee nyonyo ya bandia, dakika tatu au tano tu. Usiirushe kwenye magrupu ya ukoo, niletee mimi. Na kama amekusinzilia katikati usiifute, nayo nitaiangalia, nijue anapenda kulala upande gani.